Sura ya Tano: Nundu Kumi na Moja

Ieleweke na wote, walio macho na wanaosinzia nyuma ya darasa, kwamba asubuhi ile iliingia katika jengo la maabara akili kali kuliko zote zilizowahi kutumwa kuutafuta ukweli: akili isiyolala, isiyokosea, isiyohongeka, ambayo mbele yake kila uongo ulitakiwa kujipanga mstari na kusubiri kuitwa. Akili hiyo ilichelewa dakika arobaini, ikateleza kwenye ngazi zilizokuwa zimetoka kupigwa deki, na ikaingia chumba cha kusomea picha ikichechemea, chai imeulowesha mkono wa shati hadi kwenye kiwiko.

Kazini walimwita Sindano. Jina alilipata kwa sababu mbili, wembamba wake na tabia yake ya kuchoma mahali usipotarajia. Alikuwa mkuu wa wakaguzi watano wa programu, na juu ya meza yake ilikuwa imelala fomu yenye sentensi moja: Nathibitisha kwamba programu ya kujenga picha haina kasoro. Chini ya sentensi kulikuwa na mstari wa sahihi. Kando ya mstari, mkurugenzi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, Leo, kabla ya saa tisa.

Mkurugenzi huyo walimwita Bwana Haraka, si mbele yake, na nusu ya pili ya methali hawakuisema hata nyuma yake, kwa kuwa kila mtu alikuwa na watoto wa kusomesha.

Kazi ya maabara ilielezeka kwa maneno machache, ingawa ilikuwa imekula miaka ishirini na miwili. Kipira cha plastiki, kidogo kama punje ya pilipili manga, kilijazwa gesi, kikabandikwa kwenye ncha ya unywele wa kioo, kikawekwa katikati ya chungu cha chuma kikubwa kama nyumba, kisha kikapigwa kwa miale ya leza kutoka pande zote kwa wakati mmoja. Kikibanwa sawasawa, viini vya atomi ndani yake viliungana kama vinavyoungana ndani ya jua, na nguvu ikatoka. Kikibanwa kombo, kilipasuka kama chungwa lililokaliwa, na kilichotoka kilikuwa ripoti tu. Tendo hilo waliliita pigo. Kamera tatu zilichungulia kila pigo kupitia vitundu vyembamba, na programu ikazichukua picha tatu bapa ikajenga umbo zima la kipira, ukaweza kukizungusha kwenye skrini na kukitazama hadi mgongoni.

Programu yenyewe ilikuwa huria. Msimbo wake uliwekwa wazi mtandaoni, na mtu yeyote duniani aliweza kuusoma, kuutumia na kuleta marekebisho. Ila hakuna rekebisho lililopita bila mkaguzi kulikubali.

Sasa, katika mapigo kumi na moja ya mwisho, programu ilionyesha nundu ubavuni mwa kila kipira. Kipira chenye nundu hakibanwi sawasawa. Vipira vyote vilitengenezwa na mtu mmoja, kwa mkono, na saa tisa alasiri kamati ingekaa kumfukuza.

Sindano alifungua kifuniko cha kalamu.

"Wewe ndiye wa kutia sahihi?"

Mwanamke aliyesema hivyo alikuwa mlangoni, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni, mkoba wa turubai mkononi. Alikuwa mke wa fundi wa vipira, mshonaji wa sare za shule, na alikuwa amekaa kwenye kiti cha korido tangu saa mbili. Sindano alimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba kama mtu anayerudisha chenji pungufu.

"Umekipima?" aliuliza.

"Nini, mama?"

"Hicho unachokitilia sahihi. Mimi sishoni hata kaptula ya mtoto wa chekechea bila kumpima. Mume wangu anakwenda kuitwa mzembe mbele ya watu, halafu wewe unathibitisha ukiwa umesimama mguu mmoja."

Sindano alijitetea kwamba mguu mmoja ulikuwa umeteguka. Mama yule aliutazama mguu, akaitazama kalamu, akatoka. Kalamu ikarudi kwenye kifuniko chake.

Karakana ya vipira ilikuwa ghorofa ya chini, chumba kisicho na vumbi hata la kuandikia jina. Fundi alikuwa amevua koti jeupe na anapanga vibanio vyake vidogo ndani ya boksi la viatu, kimoja kimoja, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi. Alikuwa mzee mfupi mwenye mikono mizuri kuliko uso. Mama mkwe wake, kwa kusikia kwamba mkwe anatengeneza vidonge vya maabara, alikuwa amemwagizia dawa ya magoti kwa miaka tisa mfululizo, na fundi alikuwa amemnunulia kwa miaka tisa bila kumsahihisha. Huyo ndiye mtu waliyetaka kumwita mzembe.

"Mzee, nina maswali," alisema Sindano.

"Uliza upesi. Mlinzi ameambiwa anipekue getini saa kumi. Nisimcheleweshe."

"Kila kipira unakipima?"

"Mahali kumi na mbili, chini ya hadubini. Imeandikwa." Alisukuma daftari juu ya meza bila kumtazama. "Kikizidi unene hata kidogo, nakisaga. Umeshaniona nikisaga."

"Na ukishakibandika kwenye unywele, kinakaa upande gani?"

Hapo fundi aliacha kufunga. Alisema hilo ndilo swali la kwanza la maana aliloulizwa tangu barua ije, na ilikuwa aibu kwamba limekuja na mtu anayechechemea. Kila kipira, alieleza, kina kitovu, yaani kitundu cha kuingizia gesi ambacho yeye hukiziba kwa gundi. Gundi hukauka inavyotaka, hivyo kitovu hakikai upande mmoja. Mara kinaelekea mlangoni, mara dirishani, mara juu. Yeye huandika kila mara kimeelekea wapi.

"Umewaambia kamati?"

"Nimewaambia mara tatu. Bwana Haraka akasema daftari la mkono si ushahidi, picha ndiyo ushahidi." Sauti ya fundi haikupanda, lakini kibanio alichokishika kilipinda. "Miaka ishirini na miwili, binti. Macho yangu yameisha humu. Halafu kompyuta inasema nina nundu, basi nina nundu."

Sindano aliomba daftari. Fundi alimwambia alichukue, kwa kuwa nyumbani halina kazi.

Kwenye chumba cha kusomea picha alizipanga picha kumi na moja kwenye skrini, na chini ya kila moja akaandika kutoka kwenye daftari kitovu kilikoelekea. Mlango, dirisha, juu, dirisha, chini, ukuta. Vipira kumi na moja vilikuwa vimelala kila kimoja kivyake kama wanafunzi bwenini. Nundu ilikuwa pale pale, upande wa kaskazini. Akazipima pembe zake kwa nyuzi: hakuna iliyotofautiana na mwenzake hata kwa upana wa ukucha.

Mke wa fundi alikuwa amemfuata na sasa amesimama nyuma ya kiti bila kukaribishwa. Aliuliza zile namba ni za nini. Sindano alimweleza. Mama alitazama skrini kwa muda ambao angetumia kutazama mshono.

"Nguo ikibana bega lile lile kwa watu kumi na mmoja," alisema, "ubovu hauko kwenye mabega. Uko kwenye karatasi niliyokatia."

Sindano aligeuka akamtazama, akauma midomo. Miaka sita ya chuo kikuu ilikuwa imepitwa na futi ya kitambaa.

Hata hivyo mpelelezi makini hatoki mbio na jibu la kwanza. Huenda upande ule ule mwale mmoja wa leza ulikuwa dhaifu siku zote, ukibana kidogo, ukiacha nundu. Alishuka kwa fundi wa leza akamkuta anakula karanga juu ya kompyuta ya serikali, akamshambulia bila salamu: tangu lini upande wa kaskazini unapiga chini ya kiwango, na nani aliambiwa, na kwa nini mzee wa watu afukuzwe kwa uvivu wa mtu mwingine. Fundi wa leza alimaliza kutafuna. Kisha akafungua kumbukumbu za miale yote na kumwonyesha kwamba upande wa kaskazini ulikuwa sawa na mwingine, na kwamba katika pigo la saba waliuongeza nguvu kwa makusudi, kwa jaribio, na nundu haikupungua. Akamwambia pia kwamba akirudi tena aje na adabu au na karanga zake. Sindano aliomba radhi kwa hasira, jambo linalowezekana ukiwa na mazoezi.

Ilibaki programu. Alichukua toleo la wiki nane zilizopita, la kabla ya nundu ya kwanza, akalilisha picha za pigo la mwisho. Baada ya dakika kumi na mbili kipira kilitokea kwenye skrini, laini, mviringo, kizuri kama yai lililomenywa. Mke wa fundi aliketi chini bila kutafuta kiti, kikawepo kwa bahati.

"Ndicho hicho?" aliuliza.

"Ndicho kilivyo, mama."

"Basi kampe mtu huyo kazi yake."

Sindano alimwambia bado, kwa sababu kamati ingeuliza kosa liko wapi, na jibu la "mahali fulani" lisingemwokoa mtu. Kati ya toleo lile na la leo kulikuwa na marekebisho sitini na manne. Kuyasoma yote kungechukua wiki. Lakini kuna njia ya wakaguzi, ya zamani na ya kuaminika: unakata katikati. Unajaribu la thelathini na mbili. Nundu ikiwepo, kosa liko kabla. Isipokuwepo, liko baada. Unakata tena, na tena, mpaka libaki moja. Majaribio sita, kila moja dakika kumi na mbili. Mama alisema hivyo ndivyo anavyotafuta sindano iliyopotea ndani ya godoro, na hakuona kwa nini watu wanasomea.

Saa sita kasoro dakika ishirini lilibaki moja. Lilikuwa na wiki saba. Lilihusu picha ya giza.

Picha ya giza ni ile inayopigwa kamera ikiwa imefumbwa, kabla ya pigo, ili kujua uchafu wa kamera yenyewe; kisha programu huutoa uchafu huo kwenye picha ya kweli. Zamani programu ilitumia picha ya giza moja kwa mwaka mzima. Rekebisho liliitaka itumie ya siku hiyo hiyo. Lilikuwa limeletwa na mtu wa nje, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona, anayejiita Kobe.

Bwana Haraka aliingia wakati huo huo, kama harufu ya chakula inavyowaleta wakubwa. Aliposikia kuna mgeni aliyetia mkono, uso ulimnawiri. Alisema daima alipinga huria, kwamba ukiacha mlango wazi usishangae kukuta mbuzi kitandani, na Sindano aandike mara moja kwamba programu iliharibiwa na mtu wa nje asiyejulikana. Sindano aliuliza kuhusu fundi. Bwana Haraka alisema shauri la fundi lingeendelea, kwa kuwa barua ilikuwa imeshapigwa muhuri.

"Kipira ni kizima," alisema Sindano. "Nimekuonyesha."

"Umenionyesha leo. Barua ni ya jana."

Mke wa fundi aliinuka. Aliivua futi shingoni akaikunja mkononi polepole, na Bwana Haraka akakumbuka kikao kingine.

Mlango ulipofungwa, Sindano alipiga ngumi juu ya meza hadi kikombe kikaruka. Alisema, kwa sauti iliyosikika koridoni, kwamba mtu aliyefanya uchafu huu, awe wa nje au wa ndani, awe na cheo au hana, atatoka kwenye geti la maabara hii leo hii, na yeye mwenyewe atamshikia mlango. Alitukana kidogo. Mama aliyapokea matusi kama malipo ya awali.

Kobe alipatikana kwa simu. Alikuwa mwanamke, mwalimu wa fizikia wa sekondari, na nyuma yake palisikika kelele za wanafunzi waliotoka mapumziko. Sindano alijitambulisha kwa cheo kizima, akaanza kuuliza kwa ukali kuhusu rekebisho la picha ya giza. Hakufika mwisho wa swali.

"Nyinyi mna uso wa kunipigia?" alisema Kobe. "Niliwaandikia. Hadharani, kwenye ukurasa wenu wa maonyo, siku mbili baada ya rekebisho kupita. Nikasema, siku ambayo picha ya giza haikupigwa, programu itachukua yoyote ya mwisho iliyomo kwenye folda, hata kama si ya giza. Nikaomba mtu asafishe folda, na asiweke humo picha za majaribio. Nikaleta na dawa yake, mistari minne. Ilinichukua siku zote hizo mbili na mtoto mgonjwa."

"Na walikujibu nini?"

"Walinifunga kwa dakika nne. Na kunicheka juu. Nenda kasome, dada, usinitumie mimi kama miwani."

Akakata.

Kwanza Sindano alimpigia mpiga picha wa mapigo akamuuliza picha za giza zinapigwa lini. Jibu lilikuwa kwamba hazipigwi. Wiki saba zilizopita Bwana Haraka aliamuru ziachwe, kwa kuwa zinapoteza dakika arobaini kwa pigo. Sindano aliandika hilo kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake mara mbili, na kalamu ikatoboa karatasi.

Kisha akafungua ukurasa wa maonyo. Onyo la Kobe lilikuwa refu, la heshima, limepangwa vizuri. Chini yake palikuwa na jibu moja: Shauri hili limesikilizwa, limeoshwa, limezikwa. Wafiwa watawanyike kwa amani. Mwisho wake, badala ya jina la mtu, palikuwa na akaunti ya zamu, ile wanayoitumia wakaguzi wote watano.

Mke wa fundi, aliyesoma juu ya bega lake, aliuliza mpumbavu gani anaandika hivi kazini.

Sindano alifungua folda ya picha za giza, akapanga kwa tarehe, akabofya ya mwisho.

Haikuwa ya giza. Ilikuwa kivuli cha kipira mbele ya taa hafifu, na kipira kilikuwa na nundu ubavuni. Programu ilikuwa imeutoa mwanga wa taa kwenye kila picha, mahali pote isipokuwa kivuli kilipokaa, na hapo nundu ikabaki imejitokeza mara kumi na moja. Mambo yalikuwa rahisi kama kuchana karatasi.

Wakaguzi wa picha wana mchezo wao, nao wanauita mtego. Kazi ya kutazama vipira siku nzima humlaza mtu akiwa macho, kwa hiyo mara moja kwa mwezi mmoja wao hupachika nundu ya uongo kwenye picha ya mazoezi, na asiyeigundua huosha vikombe wiki nzima. Mtego wa wiki sita na nusu zilizopita ulisifiwa kuliko yote, kwa kuwa nundu yake haikuchorwa. Ilitokana na kipira cha kweli kilichoharibika, kilichopigwa picha kwa kamera ya pili wakati wa chakula. Kamera huhifadhi yenyewe kila kinachopigwa mlango wake mdogo wa upande wa chungu ukiwa umefungwa, na huhifadhi kwenye folda ya giza. Mwenye mtego alicheka na wenzake, akasahau kufuta. Siku hiyo hiyo, akiwa bado na kicheko mdomoni, alilikuta onyo refu la mgeni fulani, akasoma mstari wa kwanza, akalizika.

Mwenye mtego alikuwa Sindano.

"Umepata?" aliuliza mama.

"Nimepata kosa."

"Na mtu?"

Sindano alisema akaunti ni ya watu watano, na orodha ya zamu za mwezi ule ilishatupwa. Maneno yote mawili yalikuwa kweli, nayo yalitoka vizuri kama wimbo wa shule. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walimaliza. Akaenda kula.

Saa tisa kamati ilikaa: Bwana Haraka katikati, wajumbe wawili wazee kulia kwake, katibu na kalamu yake kushoto. Fundi alikaa upande wa pili wa meza amevaa shati aliloletewa na mkewe kwenye ule mkoba wa turubai, boksi la viatu magotini. Mkewe alisimama ukutani. Katibu alimwambia wageni hawaruhusiwi. Alimwambia katibu ajaribu.

Sindano alitoa ushahidi wake kwa mpangilio usio na dosari. Vitovu, nyuzi, leza, kukata katikati, agizo la kuacha picha za giza na tarehe yake. Hapo wajumbe wazee walimgeukia Bwana Haraka kwa pamoja, naye akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni. Akaonyesha kipira laini kwenye ukuta, akazungusha, na mjumbe mmoja akasema, lahaula, kumbe. Akasema fundi hana hatia hata chembe na programu ndiyo iliyopotoshwa. Hasira yake ilikuwa ya kweli, na kwa dakika kumi ilikuwa nzuri kuitazama.

"Na picha hiyo ya taa," aliuliza mjumbe mwanamke, "iliingiaje humo?"

"Uzembe wa zamu, mheshimiwa. Akaunti ni ya wote. Haiwezekani kujua ni nani."

"Tuione."

Sindano aliiweka ukutani. Kwa jicho la kawaida kipira kimoja kibovu ni sawa na kingine, na yeye alilitegemea hilo.

Fundi aliweka boksi lake mezani. Akainuka, akatembea hadi ukutani, akasimama karibu mpaka kivuli cha kipira kikamwangukia usoni. Alikitazama muda mrefu. Akainua kidole akafuata ukingo wa nundu hewani bila kuugusa, akashuka mpaka chini yake palipokuwa na mkwaruzo mwembamba.

"Hiki ni changu," alisema.

Bwana Haraka alianza kusema basi, kumbe, lakini mjumbe mwanamke alimnyamazisha kwa kiganja.

"Kibanio kiliteleza. Nilikuwa na homa siku hiyo. Vibovu vyote nasaga, miaka yote, isipokuwa hiki." Aligeuka. Hakuwa ameinua sauti siku nzima na hakuinua sasa. "Kuna mtu alikuja karakana akaniomba kimoja. Akasema mama yake haelewi mwanawe anafanya kazi gani mjini, anafikiri anauza simu. Akasema anataka kumpelekea akione. Nikakifunga kwa pamba, nikakitia kwenye chupa ya matone ya macho. Nikamwambia amsalimie."

Mashine ya hewa ilinguruma, ikakohoa, ikazima.

"Alikiona, mama yako?" fundi alimuuliza Sindano.

Lilikuwa swali dogo kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na lilikuwa na majibu mengi mazuri. Angeweza kusema wote watano walikiona mezani kwake. Angeweza kusema kilipotea. Mke wa fundi alikuwa ametoka ukutani na amesimama upande wa pili wa meza, na alikuwa anampima kwa macho, kutoka bega hadi bega.

"Hapana, mzee," alisema Sindano. "Hajakiona. Nilikichezea kwanza, halafu nikasahau kukipeleka. Kiko kwenye droo yangu."

"Sema vizuri," alisema mke wa fundi.

"Ni mimi. Picha nilipiga mimi, kuwachekesha wenzangu, nikaiacha humo. Onyo la Kobe nililifunga mimi. Nilisoma mstari mmoja, mzaha ukanijia upesi kuliko akili, nikaandika mzaha." Alikuwa anamtazama fundi, na ilionekana angependa kutazama mahali pengine popote. "Na sikugundua hapa mbele yenu. Niligundua saa sita mchana. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniuliza ni nani, nikamwambia haijulikani. Kisha nikaenda kula. Nikamaliza sahani yote. Nilikuwa nimepanga kumwokoa mzee na kujiokoa, na nilijiona mwema."

Fundi alirudi kwenye kiti chake. Hakuketi. Alichukua boksi la viatu, akafungua kibanio kimoja kutoka kwenye karatasi yake, kile kilichopinda, akaanza kukinyoosha kwa vidole, na hakumwangalia tena mtu yeyote.

Katibu aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda nyumbani, aandike nini mahali palipoandikwa mhusika: zamu, au akaunti, au wakaguzi kwa jumla.

"Jina lake," alisema mke wa fundi. "Lote."

Sindano alivuta pumzi, akalitaja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, polepole, herufi moja moja, ili katibu asikosee.